Kamba Thelathini Hadi Neptuni

Mume wangu angekuwa mlevi ningejua la kufanya naye. Walevi wana dawa zao, wana wachungaji wao, na majirani hukuonea huruma. Lakini mwanamke ambaye mume wake amepagawa na sayari amlilie nani? Mwalimu Asumadu amefundisha sayansi hapa Nkwantabisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mwaka ule wa mwisho kabla ya kustaafu alipania jambo moja tu: kusimika nguzo za sayari kando ya barabara, jua likiwa mlangoni pa shule, na kila sayari ikae kwenye umbali wake wa haki.

"Miaka yote hii, Sefa," aliniambia, "nawaambia watoto kwamba dunia iko kilomita milioni mia moja na hamsini kutoka kwenye jua. Wanaandika. Ukiwauliza kesho yake wanasema milioni kumi na tano. Sifuri kwao ni kama inzi, inatua popote."

"Basi wape hiyo kumi na tano. Nani ataenda kukagua?"

Hakucheka. Mambo ya anga humwondolea ucheshi wote. Akavuta kigoda, na mimi huku natwanga fufu, ugali wetu wa mihogo, akaanza kunieleza kwamba hata wataalamu wenyewe walichoshwa na sifuri. Walichukua umbali wa dunia kutoka kwenye jua wakauita moja, yakaisha. Vitabu vinaita kizio astronomia. Ukishakubali hiyo moja, Zebaki haifiki hata nusu yake. Zuhura ni kama robo tatu, Mirihi ni moja na nusu. Halafu unatembea mpaka uchoke ndipo unakuta Mshtarii kwenye tano na ushee, Zohali kwenye tisa na nusu, Uranusi kwenye kumi na tisa, na Neptuni kule mwisho kwenye thelathini.

"Thelathini," akarudia, akinitazama kana kwamba nimeshinda bahati nasibu. "Thelathini ni nini hapa Nkwantabisa?"

Nilijua. Mtoto wa hapa hujua kabla hajaota meno ya pili: kutoka mlango wa shule mpaka darajani ni kamba thelathini. Zilinyooshwa zamani, siku kiti cha enzi cha machifu kilipowapa wamisheni ardhi ya shule, pombe kali ya jini ikamwagiwa wahenga shuleni na ikamwagwa mtoni. Kwa hiyo kamba moja ingekuwa moja yake, na Neptuni ingekaa darajani. Mtu mzima alikuwa anatetemeka kwa furaha, na fufu yangu ikaingia madonge.

Kamba hiyo ndiyo kipimo cha ardhi yote hapa. Ina pima ishirini na nne, mikono imenyooshwa kweli kweli, na aliyekuwa akiitunza wakati huo ni Mzee Nsowah, mjomba wa mume wangu. Kazi hiyo hushuka kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kama mali yote ya Waasante. Hakuna shamba la kakao lililokatwa hapa bila mkono wa ukoo huo, na siku moja mkono huo ungekuwa wa Asumadu.

Sasa niseme langu, kwa sababu si la sayari. Mimi ni mtoto wa mgeni. Baba yangu, Mzee Agbeko, alitoka upande wa Volta nikiwa mgongoni mwa mama, akaomba msitu alime kakao, mavuno nusu kwa nusu na wenye ardhi. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alipewa jembe siku ya kwanza. Alikatiwa kamba kumi kwa kumi, na jirani yake Wereko, mwana wa mji, naye alikuwa na kamba kumi kwa kumi. Udongo ule ule na kijito kile kile. Kila msimu Wereko akipata magunia kumi, sisi tunapata saba.

Walisema wageni hawajui kakao. Walisema Baba analala mchana. Baba alivumilia hayo mpaka yakaingia ndani yake, akaanza kumtafuta mwizi. Akamwona kaka yangu Edem, kwa kuwa Edem ndiye aliyelala kwenye mikeka ya kuanikia akilinda kakao. Akasema Edem anauza kwa mlango wa nyuma. Edem aliapa, akamshika Baba miguu mbele ya uwanja mzima. Baba akamtupia nguo zake nje. Tangu hapo Edem yuko Takoradi anachomelea vyuma, mimi hunipigia kila Jumapili, na jina la Baba halijawahi kupita mdomoni mwake. Nilichotaka mimi duniani ni kuwaona wale wawili wakila bakuli moja. Sayari wangeweza kubaki nazo.

Mzee Nsowah alipoombwa kamba alicheka mpaka akakohoa.

"Mpwa wangu, unataka kupima mbingu?"

"Barabara tu, Mjomba. Mbingu wameshapima wenzetu."

"Haya chukua. Usiipitishe kwenye tope."

Wanafunzi walikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo aliyeshika ncha ya pili ni mimi, mke wa mwalimu, kitenge kimefungwa kiunoni, nikiburuta kamba mbele ya watu niliowahi kuwanyoa kwa maneno. Waliponiona walilipiza. Tulisimika jua mlangoni pa shule, dunia ikaangukia mbele ya kinyozi, naye akatuuliza kama atalipa kodi mara mbili. Kwenye Zohali alitoka mama mmoja na mwiko mkononi.

"Mwalimu, hiyo nguzo ni ya serikali? Mnavunja nyumba kupanua barabara?"

"Hapana, mama. Hiyo ni Zohali."

"Zohali ndiye nani? Mwekezaji?"

Asumadu akaanza kumweleza habari za Zohali, na pete zake, na baridi yake. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema huyo Zohali akija mwenyewe aje na karatasi zake, maana nyumba ile ina hati.

Hayo yote yalivumilika. Balaa ilikuwa Neptuni. Tulihesabu kamba ya thelathini tukajikuta mbele ya mashine ya kukuna mihogo ya Birago. Daraja tuliliona kule mbele, mbali, watu wanafua.

Asumadu alisimama akilitazama daraja kama mtu aliyepishana na basi. Tukarudi shuleni tukaanza upya. Jua, Zebaki, Zuhura, mpaka mwisho, na mwisho ukawa pale pale kwa Birago. Kesho yake tena. Birago ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisa, na siku ya tatu aliweka kigoda barabarani atusubiri.

"Karibu, Neptuni," alisema. "Leo umeleta mihogo au umekuja kusalimia?"

Njiani mume wangu akanigeukia. "Umelegeza kamba."

"Mimi?"

"Kamba ikilegea kidogo kila mara, mpaka thelathini ni hasara kubwa."

"Asumadu, nimeacha soko langu siku tatu nakuvutia kamba kama punda. Mikono yangu imechubuka. Halafu mimi ndiye nimelegeza?"

Hatukusemezana mpaka usiku wa siku hiyo, na hata chakula nilikisukuma kwa mguu. Alikula kidogo. Kisha, kwa kuwa hana mwingine wa kumweleza, akanieleza mimi niliyemkasirikia.

"Unajua kinachonikera, Sefa? Siwezi kujua kosa liko wapi. Watu wa zamani walijua Mshtarii iko mara tano na ushee ya umbali wetu, lakini hawakujua hiyo moja yenyewe ina urefu gani. Wangeweza kukosea hiyo moja, na hesabu zote zingekubaliana. Kamba ikiwa fupi, sayari zote zinasogea pamoja. Hakuna itakayomshitaki mwenzake. Utagundua tu ukigonga mahali palipopimwa kwa kamba nyingine."

"Basi kamba imenywea."

"Kamba ya katani ya miaka yote hiyo inywee leo?"

Nilimwambia aipime kwa pima. Akanyoosha mikono ukumbini, akatoka nje, akarudi. Alipata ishirini. Asubuhi alikwenda kwa mjomba wake, nami nikamfuata kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

"Ishirini kwa mikono yako," alisema Mzee Nsowah, akisugua meno kwa mswaki wa mti. "Wazee wetu walikuwa na mikono mirefu. Nyinyi mnakua mkikunja mikono juu ya vitabu."

"Mjomba, mirefu na mifupi inapishana hivyo? Mtu mwenye mikono kama hiyo angefunga viatu bila kuinama."

"Ng'oa hiyo nguzo uisogeze darajani. Nani atakuja kupima?"

"Haisogezwi. Ukisogeza moja, nyingine zote zinakuwa uongo."

"Hata huyu binti wa mgeni aliyekufuata hapa," mzee alisema akinionyesha kwa mswaki, "unamdanganya kidogo nyumbani ili mlale kwa amani. Kwani nyota zina nini?"

Mimi ni mtu wa kujibu, lakini mjomba wa mume hajibiwi, na hiyo ni desturi ambayo nimeilaani maisha yangu yote.

Siku ya wazazi shuleni ikakaribia. Nana, chifu wetu, alikubali kuja kutembezwa kwenye sayari, na Asumadu hakulala wala hakuacha watu walale. Siku moja kabla, akasema atapima mara ya mwisho. Mzee Nsowah alikuwa amekwenda mazishini mji wa pili amevaa nyekundu na nyeusi, kwa hiyo tulimkuta dada yake, Mama Mkubwa Pomaa, ambaye macho yamemzimika lakini anaijua nyumba ile kwa vidole.

"Nimefuata kamba, Mama."

"Ipi, mwanangu? Ya nyumbani au ya wageni?"

Mimi nilikuwa nyuma ya Asumadu na mgongo wake ulibadilika.

"Zipo mbili, Mama?"

"Ziko mbili tangu enzi za babu yangu. Wewe walikupeleka shule ya bweni mapema, hukufundishwa kitu." Alikuwa anapapasa ukutani, hana habari. "Ile unayochukuaga ni ya wageni. Ya nyumbani hailazwi barabarani kwa michezo ya watoto. Ya nyumbani hupewa yai la tambiko. Lakini wewe ndiye utakayeirithi, ichukue, iambie tu kabla ya kuinyoosha kwamba ni wewe."

Zote mbili tulizilaza uani. Ya wageni ilikoma, ya nyumbani ikaendelea pima nne nzima. Asumadu aliinama akaisemesha ile ndefu kwa sauti ya chini, akiona haya, tukaenda nayo shuleni tukaanza kwenye jua. Sayari zikaanza kuachana na nguzo zake. Zohali ilimhama yule mama wa mwiko. Kamba ya thelathini ilitufikisha darajani, ncha ikagusa jiwe la kwanza la ukingo.

Mume wangu alirusha kofia juu. Mwanamume wa umri ule, mbele ya wanawake wanaofua.

"Nilikuwa sahihi, Sefa. Hesabu ilikuwa sahihi. Ni kipimo tu. Unaona? Ni ile moja tu iliyokuwa mbovu."

Nilikaa juu ya ukingo wa daraja.

"Asumadu," nilisema. "Baba yangu alipimiwa kwa ipi?"

Aliendelea kukunja kamba mizunguko miwili, mitatu. Dakika ile nilimchukia, sitaficha. Mtu anayeweza kukueleza ilipo Zohali, na hakuona shamba la baba mkwe wake lililo nyuma ya kilima. Kisha mikono yake ikasimama.

"Kumi kwa kumi," alisema taratibu. "Imepungua upande huu, imepungua na upande ule." Alifumba macho akipiga hesabu. "Karibu theluthi ya shamba haipo."

"Magunia saba."

"Saba," alikubali. "Na wageni wote walipimwa kwa hiyo hiyo, kwa hiyo mashamba yao yalikubaliana. Wangejuaje?"

Nyumbani tuligombana kuliko siku zote za ndoa yetu. Hakukataa kwamba ni wizi. Alichokataa ni kesho. Kesho Nana atakuwepo, mjomba atakuwepo, ni siku yake ya mwisho ya kuheshimiwa katika mji huu, na mtu huwezi kumvua nguo mjomba wako hadharani kisha ukategemea kuzikwa na ukoo. Tusubiri. Tuongee ndani. Nilimwambia kaka yangu amesubiri ndani miaka yote hiyo.

Alitoka na jembe. "Naenda kuing'oa ile ya kwa Birago. Neptuni haziwezi kuwa mbili."

"Ukiing'oa," nilisema, "na mimi nang'oka."

Alisimama mlangoni. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akaenda kuzihamisha zile nyingine peke yake, akasimika Neptuni mpya darajani, na ile ya Birago akaiacha.

Siku ya wazazi nilimleta Baba. Alikuja na shati lake la kanisani na fimbo, bila kujua lolote, kwa kuwa ulimi ulinigomea kumwambia. Msafara ulitoka shuleni, mwavuli wa Nana mbele, Mzee Nsowah kando yake, wazazi na wanafunzi nyuma. Asumadu alifundisha vizuri siku ile. Kwenye nguzo ya dunia alisema, "Hapa tulipo ndipo kamba moja, na kila kitu kilichobaki kinapimwa kwa hii," na hata kinyozi alitulia. Tulipofika kwa Birago, Nana akasoma ubao wa jina kwenye nguzo. Akatazama mbele, akaona ubao mwingine darajani.

"Mwalimu," alisema, "Neptuni ziko mbili?"

Asumadu alimtazama mjomba wake. Kisha akanitafuta mimi kwenye umati.

"Iko moja, Nana. Ya kweli ni ile ya darajani. Hii ni kamba thelathini vile vile, lakini zimepimwa kwa kamba wanayopimiwa wageni."

Wageni tuliokuwa pale tulikuwa wengi, na kila mmoja wetu alianza kulihesabu shamba lake kichwani. Mzee Nsowah hakugeuza hata shingo.

"Mpwa wangu amekaa sana na jua lake," alisema. "Limempiga utosini."

Wakacheka. Wenye mji walicheka kwa nguvu, huyu akimwegemea huyu, na Nana akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mambo ya ardhi, alisema, huzungumzwa ikulu kwake na si barabarani, na supu ya njugu ya akina mama inapoa. Mwavuli ukageuka, watu wakageuka nao. Baadhi ya wageni nao waligeuka, kwa kuwa mashamba bado ni ya wenyewe na msimu unakuja. Asumadu alibaki mkono ukiwa juu ya nguzo. Nilitaka niwatukane wote. Badala yake nilimpa maji.

Baba hakwenda kwenye supu. Alikuwa ametembea mwenyewe kutoka kwa Birago mpaka darajani, fimbo ikigonga, akiangalia chini. Alirudi vivyo hivyo.

"Mkwe wangu," alisema. "Ni fupi upande mmoja au pande zote?"

"Pande zote, Baba. Karibu theluthi."

Baba aliketi kwenye kigoda cha Birago. Nilidhani atamlaani Nsowah, na nilikuwa tayari kusema amina. Lakini Nsowah hakumtaja.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," alisema. "Uwanjani kwangu hakuna aliyeiba." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Sefakor, nipigie Edem."

Nilipiga. Ilipokelewa kwa kelele za vyuma, Edem akanitania kwamba Jumapili imewahi wiki hii, nikamwambia subiri, nikampa Baba simu. Baba aliishika kwa mikono miwili. Sauti ya Edem ilikuwa kubwa, sote watatu tuliisikia.

"Mwanangu, ni mimi. Ilikuwa kamba. Kamba waliyonipimia ilikuwa fupi. Mkwe amepima mbele ya Nana, nimeona kwa macho yangu. Hukuchukua kitu."

Kelele za vyuma zilikoma kule Takoradi.

"Nilikwambia sikuchukua," Edem alisema. "Nilikwambia kwa mdomo wangu nikiwa nimekushika miguu. Mimi hukuniamini, Baba. Umeiamini kamba."

Kisha akakata simu. Baba aliendelea kuishikilia simu sikioni, akaitazama, akairudisha sikioni, na mwishowe akaniuliza kama salio limekwisha. Nikamwambia limekwisha.